Nusu Dola Isiyo na Kikonyo

Mzee Sadru alizikwa Calgary, mji ambao hakuupenda, na habari zilinifikia baada ya maziko, nikiwa jikoni kwangu Agincourt, Toronto, nakatakata mchicha. Aliyepiga simu ni Shamim, binti yake. Alizungumza Kiingereza kama siku zote, ila alipofika kwenye neno lenyewe akalisema kwa Kiswahili: "Baba amefariki." Nilizima jiko nikakaa. Wanangu, waliokuwa sebuleni, waliniuliza kwa Kiingereza kuna nini, nikawaambia kuna mzee niliyewahi kuishi kwake, amefariki. Mdogo akauliza kama alikuwa ndugu yetu. Nilikaa kwa mzee yule mwaka mmoja tu, kuanzia vuli ya 2005 hadi kiangazi kilichofuata. Tangu hapo nimeolewa katika mji huu, nimezaa humu, nimezika marafiki humu. Lakini mtu akiniuliza Toronto ilikuwaje nilipofika, sizioni barabara wala maghorofa. Naiona meza ya kulia chakula iliyotandikwa kitambaa cheusi, na mzee amekaa mbele yake akitazama pembeni.

Nilikuwa nimekuja kusoma shahada ya uzamili ya takwimu. Majuma ya kwanza nilipanga chumba Parkdale, katika nyumba kuukuu ambamo kila mlango ulikuwa na kufuli lake na kila mtu alikuwa na rafu yake kwenye friji, imeandikwa jina. Niliwasikia wenzangu wakipanda ngazi, wakikohoa, wakicheka na simu zao, lakini sikuzijua sura zao. Chuoni hali ilikuwa hiyohiyo: tulikaa darasani, mwalimu akamaliza, kila mtu akavaa koti lake akaondoka. Hakuna aliyenitendea ubaya. Hilo ndilo lililonitatiza nilipotaka kueleza nyumbani, kwa sababu ukisema una huzuni watu wanataka kujua nani amekukosea. Kwa hiyo nilinunua kadi za simu, nikapiga, nikasema mimi mzima wa afya, baridi bado haijawa kali, chakula kipo. Kisha nilikaa na ile kadi mkononi, dakika zake zimebaki na maneno yameniishia.

Kanisani, kwenye ibada ya Kiswahili iliyofanyika mara moja kwa mwezi huko Scarborough, nilikutana na Wanjiru, Mkenya, nesi katika kliniki ya macho. Alikuwa mtu wa kusema moja kwa moja. Siku moja alinipa lifti hadi kituo cha treni, na tulipokuwa tumesimama kwenye taa akasema, "Tusa, kuna mzee wa Don Mills huja kliniki yetu. Ni Mhindi, lakini anaongea Kiswahili kuniliko, anasema yeye ni wa Tanga. Macho zake zinaisha. Msichana wake ako Calgary na anatafuta mtu wa kukaa na yeye. Hutalipa rent, utamsomea barua na upike kidogo. Ni mtu poa, usiogope." Nilimwambia nitafikiria. Nilifikiria hadi taa ilipowaka kijani.

Nyumba yake ilikuwa ghorofani, katika moja ya majengo yale marefu yanayotazama barabara kuu ya magari. Ukiingia ulipokewa na harufu ya bizari nyembamba na ya zulia la siku nyingi. Alinifungulia mwenyewe: mwembamba, sweta la vifungo, nywele zimelazwa kwa mafuta. Nikasema, "Shikamoo, mzee." Akashika fremu ya mlango. "Marahaba," akasema, kisha, "Hebu nisalimie tena." Nikamsalimia tena. Akaitikia taratibu zaidi. Aliniambia baadaye kwamba mkewe, Gulbanu, alikuwa amefariki miaka miwili nyuma, na wao wawili walizungumza Kikachi, lugha ya mababu zao wa India, mbele ya watu na Kiswahili jikoni, kwa mizaha na kwa ugomvi. Tangu afariki, Kiswahili kilikuwa kimebaki mdomoni mwake bila wa kukipokea. Alipenda kujua jina langu kamili, Tusajigwe, akajaribu kulitamka, akashindwa, akaomba radhi kwa Wanyakyusa wote, akaamua kuniita binti Tusa.

Ugonjwa wake ulikuwa unamla macho katikati. "Nikikutazama usoni huna uso," aliniambia. "Nikitazama sikio lako ndipo pua yako inatokea." Kwa hiyo alizungumza nami akiangalia kando, kama mtu anayemsikiliza jirani, na mimi nilichukua muda kuzoea. Alijua nyumba yake kwa mikono. Alipika khichri ya mchele na choroko bila kupima kitu, akasonga ugali kwa unga wa mahindi wa dukani ambao alisema ni wa kulishia ndege, na Ijumaa alitoa mihogo iliyogandishwa kwenye friza akaichemsha kwa tui la nazi. Tulikula jikoni, kwenye meza ndogo iliyogusana na ukuta. Meza kubwa ya chumba cha kulia hatukuilia. Ile ilikuwa ya sarafu.

Nilidhani zitakuwa sarafu za kwetu, zenye tundu katikati au zenye simba. Zilikuwa nusu dola za Marekani za zamani sana, za fedha halisi, kutoka miaka ambayo taifa lile lilikuwa bado changa na kiwanda chake cha sarafu kilifanya kazi kwa mikono. Nilimuuliza kwa nini mtu wa Tanga akusanye vitu vya watu asiowajua. Alisema, "Sarafu za kwetu zinanitia huzuni. Hizi hazinijui, nami sizijui, hatudaiani kitu." Zilikaa kwenye trei zenye kitambaa cha mahameli, kila moja kwenye shimo lake, chini yake kijikaratasi cha mviringo chenye mwandiko wake mdogo. Tangu mwandiko ule uanze kumpotea, alikuwa na wasiwasi kwamba vijikaratasi vingine vina makosa. Shamim alikuwa anamtaka ahamie Calgary. Kabla hajaenda, alitaka kila sarafu itazamwe upya na kuelezwa vizuri, ili atakayezirithi asidanganyike. Macho yangu yalikuwa mazima. Hiyo ndiyo kazi aliyoitaka kwangu kuliko barua na kupika.

Akanifundisha. Kwanza namna ya kushika: kwa ukingo tu, kati ya kidole gumba na cha shahada, juu ya kitambaa, bila kugusa uso. Kisha namna ya kutazama, dirishani, kwa lenzi ya mkononi, huku ukiigeuza taratibu ili mwanga uipite. Aliniambia kosa kubwa kuliko yote ni kuisafisha. Wageni hudhani sarafu inayong'aa ndiyo nzuri, kumbe fedha iliyoachwa peke yake miaka mingi hupata rangi yake, kijivu, au samawati kama shingo ya njiwa, na ngozi hiyo ikishasuguliwa hairudi. "Adimu ni jambo moja, hali ni jambo jingine," alisema. "Kuna sarafu nzuri kama bibi harusi, na kila mtu anayo. Kuna sarafu iliyochakaa hata mama yake haitambui, na watu watavuka nchi kuja kuiona." Uadimu ulitokana na mihuri. Siku zile kila muhuri wa chuma uliochapia sarafu ulichongwa na mtu, nyota moja baada ya nyingine, tarakimu moja baada ya nyingine, na hakuna mihuri miwili iliyofanana sawasawa. Mmoja nyota yake imegusa herufi, mwingine tarakimu imeinama. Muhuri ukivunjika mapema, sarafu zake zinakuwa chache. Watu kama Mzee Sadru walitumia maisha yao kutofautisha muhuri huu na ule.

Ya mwaka 1806 ndiyo iliyokuwa na trei yake peke yake. Mwaka huo, alinieleza, kuna mihuri ambayo ile 6 ya mwisho ina ncha kali juu, na kuna ambayo sita inaishia kwa kifundo kidogo. Nyuma kuna tai, ameshika mishale kwa mguu mmoja na tawi la mzeituni kwa mwingine. Kwa kawaida kikonyo cha tawi hutokeza chini ya kucha za tai. Kwenye mihuri michache aliyechonga alikisahau. Sita yenye ncha na tai asiye na kikonyo si haba, zipo. Lakini sita yenye kifundo pamoja na tai asiye na kikonyo, hiyo ni nadra kiasi kwamba wakusanyaji wanazijua moja moja, nani anayo na aliipata wapi, na zote zimechakaa. "Na wewe unayo," nikasema, kwa sababu niliiona, imewekwa peke yake kwenye kasha la plastiki. "Watu husema ninayo," akajibu, akatafuta kikombe chake cha chai.

Rafiki yake mmoja tu ndiye aliyempigia simu bila kukosa. Jina lake Harold, mzee wa Kizungu, aliyefiwa na mke kama yeye, aliyekuwa akihariri kijarida cha klabu yao ya sarafu. Alipiga kila Jumapili baada ya chakula cha mchana, na mimi, nikiosha vyombo, nilisikia upande mmoja wa mazungumzo. Kwa Harold yeye hakuwa Sadru, alikuwa Sid. Nilisikia Kiingereza chake kikipata furaha ambayo hakikuwa nayo siku nyingine. Walibishana juu ya nyota. Walisomeana orodha za mnada. Baada ya simu alikaa kidogo bado mkono uko juu yake, kama mtu anayezuia joto lisitoke. Siku moja ya Januari alimaliza mazungumzo akiwa kimya kuliko kawaida. Nikamuuliza kama Harold mzima. "Mzima," akasema. "Kuna mtu anaandika kitabu juu ya nusu dola hizi. Harold amemwambia habari za ile yangu. Wanataka picha yake."

Mwezi wa pili, asubuhi moja ya jua, theluji kwenye roshani ilikuwa inarudisha mwanga hadi kwenye dari. Alisema mwanga huo ni mzuri, tuifanye trei ya 1806. Tulianza na zile za kawaida, nikimwelezea, naye akiniuliza: herufi hii imekaa wapi juu ya bawa, majani mangapi unayaona, jani la mwisho linaelekea nini. Kisha akaifungua ile ya kwenye kasha mwenyewe, kwa vidole, akanipa. Ilikuwa nyeusi-nyeusi, imechakaa, uso wa mwanamke aliyechorwa mbele kuwakilisha uhuru umebaki kivuli. Sita ilikuwa na kifundo, bila shaka. Nikaigeuza. Chini ya kucha za tai palikuwa patupu, hakuna kikonyo. Nilikuwa karibu kusema hivyo. Lakini nilipoiinamisha kidogo nikaona mahali pale hapapokei mwanga kama kwingine.

"Mzee," nikasema, "hapa chini ya kucha pana mikwaruzo."

"Sarafu ya miaka mia mbili itakosa mikwaruzo?"

"Hii si ya kuzagaa. Yote inaelekea upande mmoja, na iko hapo tu. Na weusi wake umekaa tofauti, kama umepakwa."

Gari la kusafisha theluji lilikuwa linarudi nyuma kule chini, likilia. Akasema, "Chukua ile ya kawaida, yenye kifundo na kikonyo. Ziweke pamoja. Niambie majani." Nikaziweka pamoja. Nilitazama jani moja moja, herufi moja moja, hadi jicho likatoa machozi. Zote mbili zilikuwa za muhuri mmoja. Nilirudia mara kadhaa nikitumaini kwamba ni ugeni wangu. Nilijua watu wamemheshimu kwa sarafu ile, nami nilikuwa mgeni niliyekaa kwake bila kodi, nimejifunza kushika lenzi juzi tu. Nikasema, "Zinafanana, mzee. Kila kitu kinafanana. Kikonyo kilikuwepo. Kimekwanguliwa."

"Basi," akasema. "Twende tukale, chakula kitapoa."

Tulikula wali na mchuzi wa kuku wa nazi ambao aliuacha karibu wote. Nilidhani nimemvunja moyo, na nilikuwa natafuta namna ya kusema huenda nimekosea. Akasukuma sahani. "Nilijua," akasema, akiangalia dirisha badala yangu. "Nilijua siku ileile ilipoingia ndani humu. Nilitaka tu kujua kama mtu mwingine ataona, au ni mimi peke yangu." Kisha akanisimulia. Kwa miaka mingi alikuwa akimsumbua mkewe kwa habari za sita yenye kifundo isiyo na kikonyo, mezani, kitandani, ndani ya basi. Gulbanu hakujali sarafu, ila alijua kusikiliza. Alikuwa anarekebisha nguo za watu kwa cherehani, kwenye chumba ambacho sasa nililala mimi. Mwaka Mzee Sadru alipotimiza miaka sitini, mkewe alikwenda peke yake mjini, akamtafuta muuzaji aliyekuwa amepanga meza kwenye ukumbi wa hoteli, akamwambia sarafu anayoitaka kwa maneno aliyoyasikia nyumbani, akaulizwa kama ana hakika, akasema mume wangu ananiambia kila siku. Yule mtu akamwambia arudi baada ya muda. Aliporudi, sarafu ilikuwepo. Aliileta nyumbani kwenye mkoba, imefungwa kwenye leso.

"Nikaenda nayo dirishani," Mzee Sadru alisema. "Macho yangu wakati huo yalikuwa makali kama ya kunguru. Niliona hapohapo."

"Ukamwambia nini?"

"Nikamwambia, Gulu, umeipata wapi hii? Kisha nikalia. Akadhani nalia kwa furaha. Ningefanya nini, binti Tusa? Amekaa kwenye cherehani miezi yote ile akiweka akiba. Alisimama pale mlangoni, bado amevaa koti, anatabasamu."

Na jambo lile halikuishia ndani. Gulbanu aliwaalika watu. Harold alikuja kula biriani, akaonyeshwa sarafu ndani ya kasha lake, chini ya taa ya njano, akaamini kwa sababu rafiki yake hakusema vingine, akaiandika kwenye kijarida. Kila mwaka klabu ilipofanya chakula cha mwisho wa mwaka, watu walimwomba Gulbanu asimulie alivyoipata, naye alisimulia vizuri, akiongeza kidogo kila mara. Mzee Sadru alikaa kando yake akitikisa kichwa. Nilimuuliza kama hakuwahi kufikiria kumwambia mkewe. Alisema alifikiria, na kila mwaka ilizidi kuwa ngumu, halafu Gulbanu akafariki, na ilipokuwa hakuna tena wa kumficha akagundua kwamba hakuna pia wa kumwambia. Katika mwaka ule wote, nadhani hilo ndilo neno la upweke kuliko yote niliyoyasikia, na niliyasikia mengi, mengine kinywani mwangu mwenyewe.

"Uongo wa nyumbani ni wa nyumbani," alisema nikiwa natoa vyombo. "Ukiingia kitabuni unakuwa wa watu wote. Mtu ambaye hajazaliwa atakaa na kitabu kile na kulinganisha majani, na hatanielewa."

Klabu ilikutana Jumamosi mchana, katika chumba cha chini cha maktaba ya mtaa, penye viti vya kukunja na birika kubwa la kahawa na sanduku la donati. Mwezi wa tatu nilimshika mkono tukapanda basi. Wengi walikuwa wazee wa kiume, makoti yao bado mabegani, wakapiga kelele za furaha kumwona Sid. Harold alimwekea kiti mbele. Alikuwa mrefu, ana madoa ya uzee mikononi, alinisalimia kwa heshima akaniuliza kama baridi inaniweza. Ilipofika zamu ya wanachama kuonyesha vitu vyao, Mzee Sadru alisimama, akatoa lile kasha mfukoni, akasema anaomba picha isipigwe. Akaeleza kwa Kiingereza, polepole, kwamba sarafu hii kikonyo chake kimekwanguliwa, kwamba ni ya muhuri wa kawaida, kwamba yeye amelijua hilo tangu mwanzo na hakusema. Kisha akaniomba niwasomee niliyoyaona kwa lenzi, na nikawasomea, jani kwa jani.

Mtu mmoja wa nyuma akasema, bila ubaya nadhani, kama mtu anayetaka kupata hakika, "Kwa hiyo mkeo aliuziwa ya bandia."

"Mke wangu alinunua sarafu ya kweli," Mzee Sadru akasema. "Mtu aliiharibu kabla haijamfikia."

Nilimtazama Harold. Alikuwa ameweka kikombe chake sakafuni na anatazama mikono yake. Ndiye aliyeiandika sarafu ile kijaridani, ndiye aliyempa habari mwandishi wa kitabu. Alisimama, akavaa kofia yake, akatoka kabla ya mkutano kwisha, na mlango ulikuwa wa aina ile inayojifunga yenyewe taratibu, kwa hiyo sote tuliusikia muda mrefu. Wengine walimpiga Mzee Sadru begani. Mmoja akatufungia donati kwenye karatasi. Tulirudi na basi, donati ziko magotini mwangu, na nilikumbuka kwamba kwa macho yale hakuweza kumwona Harold akiondoka, ila hakuuliza yuko wapi.

Jumapili hiyo simu haikulia. Alikula mapema, akakaa kwenye kiti chake karibu nayo, redio imezimwa. Niliosha vyombo kwa muda mrefu kuliko vilivyohitaji. Chai yake ilipoa nikambadilishia, nayo ikapoa. Jumapili iliyofuata ikawa hivyo, na nyingine. Nilimwambia ampigie yeye. Akasema, "Mimi nimemwaibisha mbele ya watu wake. Mwenye kuaibishwa ndiye anayejua siku yake ya kupiga." Theluji ikayeyuka ikaacha vumbi la chumvi barabarani, miti ikatoa majani, tukafungua mlango wa roshani, na Jumapili mchana bado ziliendelea kuwa kimya. Nilianza kubaki nyumbani siku hizo badala ya kwenda maktaba ya chuo. Hatukuzungumza sana. Yeye alijua kwa nini nimebaki, nami nilijua anajua. Nikitazama nyuma, kule kukaa kwetu kimya ndiko kulikonitoa katika hali niliyokuja nayo kutoka Parkdale. Nilikuwa bado mpweke, lakini sasa nilikuwa na mtu wa kukaa naye upweke ule, na sikujua kabla ya hapo kwamba jambo kama hilo lawezekana.

Mwezi wa tano nilipiga simu nyumbani, dada yangu akaniuliza kama kawaida, hujambo huko, nami safari hii nikamwambia hapana, naona ugumu. Akasema, "Haya, niambie," na akavuta kiti, nikakisikia kikikwaruza sakafu ya Mbeya. Kadi ile niliimaliza yote.

Kazi ya trei tuliimaliza kabla ya kiangazi. Ile ya 1806 aliitoa kwenye kasha la plastiki akataka iwekwe kwenye trei pamoja na zile za kawaida za muhuri wake, katika shimo lililokuwa tupu. Akaniomba nikate kijikaratasi kipya. Nikamuuliza niandike nini. Alifikiri, uso umegeukia ukutani. "Andika: 1806, sita yenye kifundo. Kikonyo kimekwanguliwa. Hali mbaya." Nikaandika. "Ongeza: imenunuliwa na Gulbanu." Nikaongeza, herufi zikabanana kufikia ukingo. Akaniambia nimsomee. Nikamsomea. Akaniambia nimsomee tena, na mara ya pili alikuwa anatabasamu kidogo, kama mtu anayesikia jina la mtu likitajwa kwenye chumba kingine.

Shamim alikuja Julai kumchukua. Alikuwa mchapakazi, amechoka, alifunga masanduku akizungumza Kiingereza na baba yake akimjibu Kiswahili, wakaelewana vizuri tu. Siku ya kuondoka Mzee Sadru alipita kila chumba akigusa kuta. Kwenye chumba changu, kilichokuwa cha cherehani, alikaa zaidi. Mlangoni nikampa shikamoo, akaitikia, akasema, "Huko Calgary sijui nani atanipa hiyo." Lifti ikafunguka, wakaingia. Nilibaki na kodi iliyokwisha kulipwa hadi mwisho wa mwezi unaofuata, na nyumba isiyo na samani, isipokuwa kitanda changu na simu iliyokaa sakafuni kwa sababu meza yake ilikuwa imechukuliwa. Zulia lilikuwa na alama za miguu ya ile meza kubwa. Nilitembea nikizizunguka, kana kwamba bado ipo. Nilikula nimesimama.

Jumapili moja, baada ya chakula cha mchana, simu ililia. Nilidhani ni Shamim. Ilikuwa sauti ya mzee. Akaomba kuzungumza na Sid.

"Amehama," nikamwambia. "Yuko Calgary kwa binti yake. Mimi ni Tusa."

"Wewe ndiye uliyekuwa unamsomea," Harold akasema.

"Ndiyo."

Nikamsikia akihangaika na kitu, karatasi au kikombe. Alisema alikuwa anataka kupiga tangu siku ile. Alisema hakukasirika kwa ajili ya kitabu, kitabu si kitu, walifuta mstari mmoja tu. Aliondoka kwa sababu alishindwa kukaa. "Ninayo moja kama ile hapa," akasema, na sauti yake ikawa ya mtu mwingine kabisa. "Ninayo kwa miaka mingi kuliko yake. Kila mtu anajua ninayo. Sijawahi kuitoa kwenye kasha mbele ya mtu. Unaelewa ninachosema?"

Nilisema naelewa. Akaniuliza, kwa adabu sana, kama ningeweza kwenda kwake siku moja na lenzi. Nilisema nitakwenda, na kweli nilikwenda, lakini hayo ni yake, siyaandiki hapa. Wakati ule, nimekaa kwenye zulia tupu na simu kati ya magoti, nilimwambia tu kwamba kuna mtu wa kuambiwa jambo hili kabla yangu, na kwamba saa hizi atakuwa amekwisha kula na amekaa. Akasema hana hakika kama Sid atataka kuisikia sauti yake.

"Chukua kalamu," nikamwambia.

Nikamsomea namba ya Calgary taratibu, tarakimu baada ya tarakimu, kisha nikamwomba airudie, niwe na hakika ameiandika sawasawa.